Aliyekufunga Taya

Kwa mwanangu Badi,

Salamu zangu mimi mamako zikufikie huko uliko, na kama karatasi haifiki basi Mola azipitishe kwa njia Yake. Mimi mzima, ila magoti na usingizi. Kukuuliza hali yako naogopa, lakini mkono umezoea, barua zote nilizowahi kuandika zilianza kwa kuuliza hali. Basi nakuuliza: u hali gani, mwanangu?

Babako akusalimu. Yuko pale pale Kisauni, miguu bado yamvimba, na kile kiti chake cha barazani alikigeuza, kikawa hakitazami barabara tena, chatazama ukuta. Dadako Mwanaisha akusalimu na mumewe. Fatma wake aliichukua ile picha yako ya jumba refu akaenda nayo shule kuwaonyesha wenzake, "huyu ndiye mjomba wangu," na zaidi ya hapo hakusema. Saidi mdogo bado akuita Anko Dubai, akisikia ndege atoka mbio uani kupunga mkono. Shangazi yako Mwanasiti akusalimu, ameacha kukaanga viazi karai, asema moshi wamtoa machozi, nasi twanyamaza tu. Nyanya yako akusalimu sana. Yeye hajui. Yaani aliambiwa, akalia, akalala, na alipoamka akauliza likizo yako ni mwezi gani. Mwanaisha akamwambia tena, akalia upya kama ndiyo mara ya kwanza. Tukaona huu ni ukatili kwa bibi kizee. Sasa akiuliza aambiwa, "Karibuni, nyanya." Amekuwekea samli kwenye chupa, hataki mtu aiguse.

Huku Dubai, hapa Rashidiya ninapofanya kazi, Bi Zuwena mamake Madam akusalimu, na Madam, na watoto wake ambao bado wauliza yule kaka wa Ijumaa haji tena kwa nini.

Nimewamaliza watu wa kukusalimu isipokuwa mmoja. Huyo nimemwacha makusudi. Barua yote hii ni kwa ajili yake, na mpaka nakaa kuandika sijui nimtaje kwa jina gani.

Naandikia juu ya meza ya kupigia pasi, chumbani kwangu nyuma ya jiko. Karatasi nimeomba kwa watoto, ina maua pembeni, usinicheke. Wajua mimi si mtu wa kalamu, herufi zangu zapanda na kushuka. Lakini nyumba hii ina masikio na mambo haya siwezi kuyasema kwa sauti, na mtu niliyekuwa nikimwambia kila kitu ni wewe. Sasa habari yenyewe ni yako. Nimwambie nani?

Simu yako walinipa mimi, pamoja na pochi na viatu vya kazi. Kuifungua sikuweza, yataka namba zake. Lakini kila siku alasiri ilikuwa ikilia, ule mlio wako wa kukuamsha uende zamu ya usiku. Mara ya kwanza nilikuwa nakata vitunguu, nikapiga kelele, "Badi, amka, basi litakuacha!" kabla akili haijanirudia. Bi Zuwena alikuja na bakora yake akanikuta nimekaa chini sakafuni na kisu mkononi. Baadaye nikajua kuinyamazisha kwa kidole. Ningeiacha moto uishe ingenyamaza yenyewe, khalas. Sikuweza. Kila siku nilikuwa nikiichomeka kwenye umeme kama mgonjwa wa kutiwa maji, halafu alasiri nikikaa kuingoja.

Sasa nikueleze tangu pale uliponiacha.

Ijumaa ile nilikuwa nimekupikia pilau kama kawaida. Nilitegemea baada ya swala utatokea mlango wa nyuma, utavua viatu, utaniuliza, "Mama, umekunywa chai?" kama kwamba mimi ndiye mgeni. Swala ikaisha. Pilau ikakauka juu. Nikaifunika, nikaifunua, nikaifunika. Kisha Madam akaingia jikoni na simu mkononi, akaenda akazima jiko. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumwona Madam akizima jiko. Nikajua.

Msimamizi wako wa ghala ndiye aliyepiga. Alisema moyo, ulilala na hukuamka. Alisema, "Alikutwa chumbani peke yake."

Neno hilo, Badi, nililimeza kama mfupa. Nilipompigia babako hakulia. Aliuliza, "Alikuwa na nani?" Nikamwambia peke yake. "Hapana hata mmoja wa kumtamkisha shahada?" Nikamwambia sijui. "Hata maji hakupewa?" Sijui, Baba Badi, sijui. Tangu siku hiyo ndipo alipogeuza kiti.

Na hicho chumba, waliponiambia kiko Qusais, nilinyamaza. Wewe uliniambia walala Muhaisnah kwenye kambi ya kampuni, wanaume watupu na vitanda vya juu na chini, na wenzako wakoroma. Nikasema moyoni labda mlihamishwa. Mtu aliyefiwa haulizi sana.

Waliokuosha ni watu wetu. Ustadhi Omari, yule dereva wa Malindi, ndiye aliyesimamia. Baada ya maziko alikuja mlango wa nyuma, akakataa kukaa. Akaniambia, "Mama Badi, nimeosha wengi wa kwetu hapa. Wanaokutwa peke yao nawajua wanavyokuja. Wanakuja wamekunjika, mdomo wazi, macho yanatazama. Mwanao hakuja hivyo. Macho yamefumbwa, mikono imenyoshwa, vidole gumba vya miguu vimefungwa pamoja, na taya limefungwa vizuri, fundo la pembeni, kama wafanyavyo kina mama wa pwani. Sasa mimi sikuulizi nani. Nakuambia tu kwamba maiti haijifungi taya."

Akanipa mfuko mdogo wa plastiki. Ndani mna kipande cha leso kilichochanwa kwa mkono, kirefu, rangi nyekundu na nyeusi na nyeupe. Kisutu, leso ya bibi harusi.

Kisutu changu! Nilikijua kwa ule upindo, niliupinda mwenyewe. Nilikununulia Mombasa likizo yangu ya mwisho, nikakukabidhi hapa hapa jikoni nikakwambia, siku utakapopata wa kumfunga, mfunge kwa hiki, na mimi niwepo nipige vigelegele. Wewe ukakijaribu kiunoni ukacheka, "Na akiwa mrefu, Mama, kitamfika?" Nikakupiga na mwiko. Nikadhani kiko chini ya begi lako, chaliwa na nondo.

Ndoto zikaanza hapo. Wewe waja wasimama mlango wa jikoni na nguo zako za kazi, na taya lako limefungwa kile kitambaa. Wataka kusema. Macho yako yanisemesha lakini mdomo hauwezi, na mkono wako waonyesha nyuma, kama kwamba umekuja na mtu ukamwacha nje. Mimi nakimbilia kukufungua fundo. Vidole vina mafuta, vyateleza. Naamka navyo hewani.

Siku ya khitma Bi Zuwena alitoa ukumbi wake. Wanawake walikuja, wa Pemba, wa Lamu, wa kwetu, hata Waganda wawili wenye hijabu zao. Msichana mmoja naye akaja, mrefu kweli, amevaa mtandio mweupe, akakaa karibu na viatu kama aliyekuja kwa bahati mbaya. Alisoma juzuu yake kimya. Watu walipoanza kuondoka alinijia na mkebe wa plastiki wenye mfuniko wa buluu, akanipa kwa mikono miwili.

"Mama, mimi ni jirani yake Badi," akasema. "Naomba radhi. Leo mkebe umerudi mtupu."

Badi, mwanangu. Ulidhani mamako ni mjinga?

Mkebe ule nilikuwa nikikutilia pilau kila Ijumaa, na kila Ijumaa ulirudi na kitu. Mara visheti, mara vibibi, mara mkate wa kumimina uliokatwa vipande vya sawasawa. Nikikuuliza wasema, "Twapika na wenzangu, Mama." Mwanamume harudishi mkebe na kitu ndani. Mwanamume akijitahidi sana aurudisha na mfuniko wake. Nilijua ule mkebe umeoshwa na mwanamke aliyefunzwa na mamake kwamba chombo cha watu hakirudi kitupu. Nilijua na sikutaka kujua. Nilikwambia, "Mwambie huyo mpishi wenu apunguze iliki," na Ijumaa iliyofuata iliki ilikuwa imepungua. Kumbe tulikuwa twasemezana, mimi na yeye, miezi yote ile, na wewe katikati umekaa na siri yako wala pilau.

Sasa yuko mbele yangu na wanawake watazama. Nikaupokea mkebe. Nikasema, "Ahsante, jirani." Nikalikaza lile neno. Nyuma yangu mmoja akanong'ona, "Jirani wa godoro," na mwenzake akaziba mdomo kwa mtandio. Yule msichana alisikia. Aliinamisha kichwa, akatafuta viatu vyake, na kimoja alikivaa mguu usio wake.

Kuanzia siku hiyo, ndotoni mkono wako haukuonyesha tena nyuma. Ulikuja ukanipa mgongo. Fundo la leso kisogoni nilikuwa nalitazama mpaka naamka.

Nilikuwa na hasira, nakwambia ukweli. Watu wa bara wana jina lao, kamwistei, yaani njoo tukae, na wacheka nalo. Kwetu twasema wanaishi kinyumba, na hakuna anayecheka. Nilijiuliza mtoto niliyemsomesha chuo, niliyemlea kwa kufua nguo za watu, amewezaje kuweka mtoto wa watu ndani bila kumwuliza babake? Na yeye mwanamke, amekubalije kulala mahali ambapo pakigongwa hodi lazima ajifiche? Watu wasema siku hizi sheria za hapa hazibani kama zamani. Lakini nani alitaka awe wa kujaribu, na visa yako iko mkononi mwa mtu mwingine?

Aliyenivunja hasira ni Bi Zuwena. Alinikuta nasugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Akasema na kile Kiunguja chake, "Mishi, mie sikwambii kuwa halali. Hapana walii, hapana mashahidi, hapana mahari, basi ndoa hapana na eda hapana. Hilo khalas, usimsumbue sheikh. Lakini weye unataka kujua mwanao kafaje, au unataka kuwa kadhi?" Nikazidi kusugua. Akagonga bakora chini. "Basi si uende! Au unangoja akupigie honi?"

Ijumaa hiyo nikapika pilau. Nikaijaza kwenye ule mkebe wa buluu. Namba ya mlango Ustadhi Omari alikuwa nayo. Nikapanda metro mpaka kituo cha Union, nikabadilisha, nikashika ya Qusais, mkebe mapajani, simu yako kwenye mkoba. Njia nzima nilikuwa nasema, nikifika nitamwambia hivi na hivi. Nilikuwa na maneno makali ya kutosha gari lote.

Mlango ulifunguliwa na Kato, Mganda aliyeikodi nyumba nzima akawapangisha wenzake. Nikamwambia mimi ni mamake Badi. Akasema, "Karibu sana Mama, shemeji yuko ndani," halafu akajiziba mdomo kwa kiganja, mtu mzima na ndevu zake. Nikaelewa kwamba mle ndani hakuwa jirani wa mtu.

Sikuwahi kuona mahali ulipolala. Sebule imekatwa kwa mbao nyembamba, vijumba vinne, kila kimoja na pazia, na jirani akikohoa wamwambia afya. Kijumba chenu hakina dirisha. Kitanda kimoja, chembamba, misumari miwili ukutani. Msumari mmoja una baibui. Mwingine una shati lako la kazi, limepigwa pasi.

Anaitwa Salama. Ni mtu wa Tanga, afanya kazi saluni. Aliponiona alisimama, na kwa vile mahali penyewe padogo tukawa tumesimama pua kwa pua, mimi na maneno yangu makali. Nikamwuliza, "Mlikuwa mkikaa hapa wawili?"

Akasema, "Mama, kukaa hatukukaa sana. Yeye alikuwa zamu ya usiku, mimi mchana. Akirudi mimi natoka, nikirudi yeye anatoka. Tulikuwa tunapokezana kitanda. Nikilala nakuta joto lake. Mtu na mtu tulikuwa Ijumaa tu."

Nikakaa kitandani.

Akaniambia kuhusu ndoa kabla sijauliza. Kwamba babake Tanga alikwisha sema ndiyo kwa simu, ila ataka amwozeshe mwenyewe kwa mkono wake, si kwa simu. Kwamba wewe ulisema haifungwi nikah mamangu hayupo, yeye ndiye mwenye kisutu. Basi mlikuwa mkingoja likizo yake na yako na yangu ziangukie mwezi mmoja, na hazikuangukia. Yake ilipotoka, ghala lilikukatalia. Yako ilipotoka, mwenye saluni alikuwa ameishika pasipoti yake. Na mimi, wakumbuka, mwaka ule Madam alikuwa na mtoto mchanga nikasema sitasafiri. Tuligawana mabosi watatu, na hakuna aliyejua kuna harusi inamngoja.

Ila swali langu nililotoka nalo Rashidiya nikaliuliza. "Alikufa peke yake?"

Nakuandikia alivyonieleza, ili kama kuna alichokosea unisahihishe. Kwamba ulirudi kutoka zamu ukasema umechoka, ukalala. Kwamba kabla ya adhuhuri uliamka ukasema kifua kinakubana, ukaomba maji. Ulikunywa kidogo. Alipiga simu ya gari la wagonjwa, halafu ukamshika kifundo cha mkono, akaona rangi yako si yako. Akakuambia, "Badi, sema na mimi." Akaitamka shahada. Ukaitamka. Mara ya pili sauti haikutoka lakini midomo ilifuata mpaka mwisho. Kisha mkono ukalegea.

Akakufumba macho. Kitambaa laini hakikuwepo, khanga zake zote alikuwa amezifua ziko juu darini, ila kile kisutu ulichompa, kilichokuwa kimekunjwa chini ya mto. Akakichana. Akaniambia, "Nilisema mamake atanilaumu nikimwacha mdomo wazi."

Alimwarifu Kato, naye akapiga simu kutoka kazini. "Dada, toka, usionekane, toka sasa hivi!" Salama akatoa mto wake, akatoa ndala zake, akatoa kikombe chake. Akasimama kwenye ngazi na vitu vyake mkononi. Walipokuja na machela mmoja akamwuliza, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Jirani."

"Mama," akaniambia, "neno hilo nimelisema mimi wa kwanza. Wewe uliponiita hivyo hukukosea."

Hapo ndipo nilipolia, Badi. Si Madam alipozima jiko, wala pale waliponiambia umeshazikwa. Nililia pale kwenye kitanda chenu, na nyuma ya mbao mtu akapunguza redio.

Nilimfungulia mkebe nikamwambia, "Kula." Hakutaka. Nikamwambia, "Kula, waonekana kama ufagio." Tukala kwa mkono, mkebe kati yetu. Amekonda. Akaniambia ameacha mafuta na manukato, na pale saluni ameomba awekwe nyuma kufua taulo ili asinukie. Akaniuliza, na mdomo wake umejaa wali kama mtoto, "Mama, mimi nikae eda? Kama sikai, nakaaje?" Nikamwambia aliyosema Bi Zuwena. Sikumdanganya. Alitikisa kichwa kama mtu aliyejua jibu ila alitaka alisikie kwa mtu mzima.

Ndipo simu yako ikalia ndani ya mkoba wangu.

Sote tuliruka. Mkono wake ulitangulia, ukaenda, si kwenye mkoba, ukaenda mwisho wa kitanda, pale miguu yako ingekuwa. Akaona nimemwona, akaurudisha. Akasema Ijumaa, ukirudi kutoka kwangu ukijinyosha kidogo, alikuwa akiizima kabla haijalia, akuamshe yeye kwa kukubana kidole gumba cha mguu, kwa sababu mlio ule ulikuwa ukikutia hofu. Kidole kile kile, Badi, alichokuja kukifunga.

Sikungoja kurudi Rashidiya. Nilijua nikifika nitaogopa. Nikampigia babako pale pale.

Nikamwambia nimepata habari ya mwanao, hakufa peke yake. Akauliza alikuwa na nani. Nikasema msichana. "Msichana wa nani?" Wa watu, wa Tanga, walikuwa wakiishi pamoja, ndoa hawakuwahi kufunga. Nikamwambia ukweli wote kama ulivyo, maana nikipunguza kimoja na kile kingine kinakuwa uongo. Nilisikia kitu kama mguu wa kiti kikikwaruza sakafu kule Kisauni. Halafu akasema, "Yuko hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Nilimpa. Aliipokea kwa mikono miwili. Alichouliza babako sikukisikia, nilisikia upande wa Salama tu. "Shikamoo baba... Naam... Maji alikunywa, baba... Alitamka... Alifuata mpaka mwisho... Nilimfumba mimi... Hapana, baba. Hapana. Hakuwa peke yake." Kisha akawa anasikiliza tu, machozi yamtiririka mpaka kwenye wali. Aliponirudishia simu babako alikuwa amekata. Mwanaisha aniambia jioni ile alienda msikitini kwa miguu yake hiyo hiyo mibovu.

Mwanangu, sisemi mlifanya sawa. Nakuombea msamaha kila baada ya swala na yeye namwombea, na pale nikisema majina yenu nayasema pamoja, sijui kama yaruhusiwa. Nimejaribu kujua maana ya yale maisha yenu ya kupokezana kitanda na nimeshindwa. Haikuwa ndoa, Bi Zuwena hajakosea. Lakini wako wenye cheti na picha za harusi, siku ya mauti ikifika mmoja yuko sokoni. Mimi mwenyewe na babako tuna ndoa halali kabisa na bahari iko katikati yetu. Ningekuwa mimi nimepangiwa kufa leo, nani angenibana kidole? Nayawaza haya nikipiga pasi, mpaka nachoma shati.

Salama huja Ijumaa, mlango wa nyuma. Wiki iliyopita alileta vibibi, iliki kidogo. Bi Zuwena alionja akasema, "Mtanga huyu anajua," na kwake hiyo ni sifa kubwa. Simu yako nimempa yeye, ndiye mwenye namba zake, aifanye atakavyo. Sasa alasiri nyumba iko kimya, na mimi saa ile ikifika nageuka kuangalia mkoba.

Alitaka kunirudishia kisutu kilichobaki, nikakataa, nikamwambia ni chako, ulipewa. Hiki kipande changu nimekifua na kukikunja, kiko ndani ya msahafu wangu. Hii ndiyo ahadi yangu kwako, Badi. Sitamwita jirani tena, mbele ya mtu yeyote, hata hao wa godoro. Likizo ikipatikana nitapita naye Tanga nikamwone babake, na Kisauni akae mbele ya babako na nyanya yako. Na nimekwisha mwambia, nikifikwa na siku yangu katika nchi hii ya watu, kipande kile anifunge nacho yeye. Akasema, "Inshallah Mama, lakini bado sana." Nikamwambia bado au si bado, ujue kilipo.

Kwaheri mwanangu, lala. Basi limekwisha kwenda, hapana wa kukuamsha. Ila mimi nakungoja mara moja zaidi. Tangu ile Ijumaa ya Qusais hujaja ndotoni, wala na uso wala na mgongo, na sijui ndiyo umeridhika au ndiyo umekasirika kwamba nilichelewa. Njoo basi hata kidogo, usimame pale mlango wa jikoni. Uje umefunguliwa taya, uniambie neno moja tu, hata kama ni lile la chai. Usikawie kunijibu.

Ni mimi mamako,
Mishi